Mwacheni Froome Aende Zake

Kuna ugonjwa umetuingia sisi vijana wa mjini, na homa yake hupanda kila mwaka mwezi wa Julai. Ni wakati ule runinga zinapoonyesha watu wembamba waliovaa nguo za kubana wakipanda milima ya Ufaransa kwa baiskeli. Hapo hakosi bingwa mmoja wa porojo, soda mkononi, atakayeiuliza meza nzima: "Kwani nyinyi hamjui Froome ni Mkenya?" Vichwa vitatikiswa. Mwingine atadakia kwamba alizaliwa hapa hapa Nairobi, ni wetu yule. Wa tatu, mwenye uchungu wa nchi, atabisha: wetu wapi, msaliti yule, alituacha akawakimbilia Waingereza! Basi itakuwa vuta nikuvute mpaka soda ziishe, na kila mtu arudi kwake akijiona amezungumzia mbio za baiskeli.

Hamkuzungumzia baiskeli, jamani. Mlizungumzia pasipoti.

Nasema hivi: anayejigamba na Froome na anayemtukana Froome ni pacha wa tumbo moja. Wote wawili wanaamini kwamba mshindani wa baiskeli huanza kuwa mtu siku anapoonekana Paris. Kabla ya hapo hayupo, hajazaliwa, ni kivuli kinachopita kando ya matatu. Imani hiyo ndiyo inayoua mchezo huu kwetu. Mapafu tunayo, miguu tunayo, na umaskini tunaousingizia kila siku haujawazuia wengine, kama nitakavyoonyesha.

Tuanze na huyo huyo Froome ili tummalize mapema. Christopher Froome alizaliwa Nairobi tarehe 20 Mei 1985. Alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Mwaka 2008 akachukua leseni ya Uingereza. Haya yanajulikana. Lisilosemwa sana kwenye meza za soda ni jinsi alivyofika kwenye mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 23 huko Salzburg, Austria, mwaka huo huo wa 2006. Amelieleza mwenyewe katika kitabu chake, The Climb, kilichotoka 2014. Aliingia kwenye anwani ya barua pepe ya chama cha baiskeli, akaandika barua ya kujisajili kana kwamba yeye ndiye mwenyekiti, kisha akapanda ndege. Mbio zilipoanza hakufika mbali. Alimgonga msimamizi wa barabarani, wote wawili chini.

Watu husimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi naona kesi. Huyu alikuwa kijana wa Kizungu aliyesomea shule nzuri za Afrika Kusini, mwenye kompyuta, mwenye kimombo cha kuandikia barua ya ofisi. Kama huyo alilazimika kuvaa cheo cha mwenyekiti ndipo akimbie kwa jina la Kenya, je, mwenzake wa Kikuyu aliyekuwa akipanda naye vilima vile vile, asiye na kompyuta wala nauli ya kwenda kuitafuta, angevaa nini?

Maana wenzake walikuwepo. Froome hakushuka kutoka mbinguni na baiskeli begani. Mama yake alimpeleka kwa David Kinjah akiwa mvulana wa miaka 12 hivi, kule Mai-a-Ihii, Kikuyu, kilomita kama 20 kutoka katikati ya jiji. Kinjah ameichezea Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola zaidi ya mara moja, na mwaka 2002 alipata nafasi katika timu ya kulipwa ya Italia, enzi ambazo kumwona Mwafrika mweusi ndani ya kundi la Ulaya kulikuwa kama kumwona twiga feri ya Likoni. Kwake, chini ya mabati, palikuwa chuo: magurudumu yananing'inia, minyororo imelala kwenye makopo ya mafuta, vijana wa kijiji wanajifunza kwanza kunyoosha spoku ndipo wathubutu kujiita waendesha baiskeli. Kundi lenyewe ni Safari Simbaz. Froome alikuwa mmoja wao. Mwanzoni waliokuwa wakimwacha nyuma mlimani walikuwa vijana ambao majina yao hutayaona kwenye gazeti lolote.

Sasa tazama tunavyomfanyia Kinjah. Kila Froome aliposhinda, kamera zilipanda Kikuyu kumwuliza swali moja: alikuwaje utotoni? Mtu amelea vijana kwa miongo, ametoa jasho lake na la familia yake, ametengeneza baiskeli kutoka kwa mabaki ya baiskeli, halafu dunia inamjia kama inavyomwendea mkunga wa mtoto wa mfalme. Wala wageni siwalaumu sana. Mgeni huuliza anachokijua. Wenyeji je? Sisi tulimwuliza nini?

Hebu tuyaangalie maisha yenyewe ya hapa nyumbani, maana wengi wanaobishana kuhusu Froome hawajawahi kumtazama mshindani wa Kenya zaidi ya dakika moja. Huamka saa kumi na moja alfajiri. Kocha hajamwamuru, ni kwamba ikifika saa moja matatu zitakuwa zimeitwaa barabara yote pamoja na kingo zake. Atakunywa chai na mkate, au kiporo cha githeri, apande kuelekea Limuru, ateremke Mai Mahiu kati ya malori ambayo breki zimechoka kuliko madereva, kisha ageuke na kupanda tena. Saa nne, saa tano juu ya kiti. Lori likimpita, upepo wake humtupa kwenye changarawe. Manamba akiiona ile kaptura ya kubana hutoa kichwa mlangoni na kumwambia maneno ambayo mhariri wetu hatayapitisha. Akipata pancha, ole wake kama tyubu ya akiba imekwisha, kwa sababu tyubu ya baiskeli ya mbio haiuzwi kila duka. Atakunja mguu wa suruali na kutembea na viatu vya chuma vinavyolia kwenye lami kama kwato.

Baiskeli yenyewe ni mtumba. Alipewa na mtu ambaye naye alipewa; fremu ilikatwa kwa ajili ya Mholanzi mrefu, gia za kampuni hii, breki za kampuni ile, kiti kimeshonwa na fundi viatu. Huko Ulaya baiskeli za mabingwa hupita dola 10,000 moja tu, na chama cha dunia, UCI, kimeweka kikomo kwamba isishuke chini ya kilo 6.8. Fikiri hapo! Wenzetu wanawekewa sheria wasiwe na baiskeli nyepesi kupita kiasi. Ile Black Mamba ya kubebea maziwa ina uzito wa karibu mara tatu ya hiyo, hata kabla hujafunga mtungi.

Akirudi, saa tano asubuhi, ndipo kazi inaanza. Kupeleka vifurushi, kutengeneza baiskeli za watu, kubeba maji, chochote kitakacholeta chapaa ya chakula cha jioni, na chakula chenyewe ni cha mtu aliyechoma nguvu za watu watatu. Jumapili kuna mbio. Barabara haijafungwa. Nimesimama kando ya lami mara nyingi nikaona kundi la vijana arobaini likitoka kwenye kona kwa kasi ya kutisha na mbele yao mkokoteni wa mboga, mwenye mkokoteni akitazama upande mwingine. Mshindi hupewa nini? Jezi, pengine. Pengine gunia la unga. Halafu kila mtu hupanda baiskeli yake na kurudi nyumbani umbali ule ule wa mbio, maana nauli hakuna.

Hapo ndipo mwerevu mmoja huniambia: "Ndugu yangu, tusidanganyane, baiskeli ni mchezo wa Wazungu. Sisi ni watu wa kukimbia."

Nani amekwambia? Boda boda, kabla jina halijahamia kwenye pikipiki, zilikuwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia. Kisumu yote iliwahi kwenda kazini ikiwa imekaa kwenye karia. Mtu anayepakia abiria mnene, mkoba wake na kuku wake wawili, akapanda naye mlima kwa gia moja isiyobadilika, huyo unamwambia baiskeli si mchezo wake? Mwaka 2008 mpiga picha wa Singapore, Nicholas Leong, aliwachukua Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, mmoja mtu wa boda boda na mwingine mpiga viatu rangi, akawapeleka Alpe d'Huez, ule mlima wa kona 21 ambao Wafaransa wameufanya kama madhabahu. Alikuwa na hoja rahisi: waliotawala mbio za miguu wanashindwaje kutawala za magurudumu? Kutokana na hoja hiyo ikazaliwa timu ya Kenyan Riders kule Iten. Na angalia ramani: kilele cha Alpe d'Huez, pale mabingwa wanapofika wakitapika, ni mita 1,850 hivi juu ya bahari. Iten ni mita 2,400. Mtoto wa Iten anakwenda dukani kununua chumvi mahali palipo juu kuliko mwisho wa mlima wao mtakatifu.

Lakini tazama tena. Wazo limetoka Singapore. Sisi tulikuwa tumekaa juu ya huo mlima tangu enzi za mababu, na ilibidi mtu atoke baharini upande wa pili wa dunia ndipo aone kwamba ni mlima.

Sasa nenda Asmara, na hapa ndipo hoja ya umaskini inapovunjika kiuno. Eritrea si nchi tajiri, wala si nchi ya raha. Vijana wake hushikwa na utumishi wa kitaifa usio na mwisho unaojulikana, na kutoka nje ya nchi kunataka kibali. Siisifu serikali yake hata kidogo. Baiskeli ililetwa na Waitalia, tena kwa ubaguzi, kwa kuwa wenyeji walikatazwa kushindana na wakoloni. Mwaka 1939 mbio zikaandaliwa za kuwapambanisha, labda ili kuthibitisha nani mkubwa, na Ghebremariam Ghebru akawashinda. Mwaka 1946 ikaanza Giro d'Eritrea. Vita vikaikatiza kwa miongo, na mwaka 2001 ikafufuliwa. Lakini jambo lenyewe ni Jumapili zao. Barabara za katikati ya mji hufungwa, wazee wa kahawa hutoka vibarazani, akina mama hujipanga na watoto, na mtoto wa fundi seremala huwaona waendesha baiskeli wa mji wake wakishangiliwa na mji wake. Mtoto mmoja wa seremala aliitwa Biniam Girmay.

Girmay alizaliwa Asmara mwaka 2000. Tarehe 27 Machi 2022 alishinda Gent-Wevelgem huko Ubelgiji, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mojawapo ya zile mbio kubwa za siku moja. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani. Lakini mimi alichonifurahisha zaidi ni alichokifanya baada ya Gent-Wevelgem. Wiki iliyofuata kulikuwa na mbio za Flanders, kubwa kuliko zote za kule, na wengi walitaka abaki akimbie akiwa bado moto. Akakataa. Alikuwa amekaa mbali na mkewe na binti yake mdogo kwa muda mrefu, akapanda ndege akaenda Asmara, akapokewa na mji mzima barabarani. Wachambuzi wa Ulaya wakakuna vichwa. Mtu wa kwetu akielewa hilo haulizi kwa nini: alikuwa anarudi kwa watu waliomjua kabla ya ushindi. Froome angemrudia nani Nairobi? Kinjah na vijana wake, basi. Nchi yenyewe ilikuwa haijawahi kumtazama akipita.

Umaskini hauelezi tofauti hiyo. Kufunga barabara Jumapili asubuhi saa tatu hakuhitaji mkopo wa benki ya dunia. Kunahitaji askari wanne na nia.

Nawajua watakaoninong'onezea kwamba nyumbani hakuna soko, heri kijana akimbilie majuu akajaribu bahati. Haya, twende naye majuu.

Kwanza afike. Viza ya Schengen, tangu Juni 2024, ni euro 90, na ukinyimwa hazirudi. Ubalozi unataka hati ya benki, barua ya mwajiri, ushahidi kwamba utarejea. Nani amwandikie barua ya mwajiri mtu ambaye kazi yake ni kukanyaga pedali? Hata wakubwa husota kwenye foleni hizo: mwaka 2022 Ferdinand Omanyala, mtu wa mita 100 anayejulikana hadi Ikulu, viza yake ya Marekani ilichelewa mpaka akatua Oregon saa chache tu kabla ya mchujo wa mashindano ya dunia. Huyo ni Omanyala. Mwendesha baiskeli ambaye hata waziri hamjui atapigiwa simu na nani?

Amefika. Anaingia kwenye kundi la watu 150 au zaidi, magurudumu yameachana kwa upana wa kiganja, barabara nyembamba kama ya kwenda shambani, mvua, mawe ya zamani, upepo wa pembeni unaovunja kundi vipande vipande. Humo ndani hakuna ubishi kuhusu mapafu. Anayejificha nyuma ya mwenzake hukatiwa upepo na kuokoa nguvu nyingi mno. Anayeogopa kusukumana hubaki nje, hupigana na upepo peke yake, na baada ya kilomita 100 amekwisha. Kukaa humo ni ufundi kama wa manamba anayening'inia mlangoni huku akihesabu chenji: haujifunzi kwa kuambiwa. Mtoto wa Ubelgiji hushindana karibu kila wikendi tangu akiwa na miaka kumi au kumi na miwili. Wa kwetu amepata mbio chache kwa mwaka. Kisha mtangazaji mwenye sauti nzuri atasema Waafrika hawajui kukaa kwenye kundi, kana kwamba ni jambo la damu. Ni jambo la Jumapili! Zile Jumapili za Asmara. Ndiyo maana narudi nyumbani hata ninapozungumzia Ulaya.

Na akijua kukaa, kazi atakayopewa ni ya utumishi. Atashuka nyuma hadi kwenye gari la timu, ajaze chupa za maji mgongoni ndani ya jezi kama punda wa Lamu, apande nazo mbele kuwagawia wakubwa; kiongozi akipata pancha atampa gurudumu lake na kubaki kando ya barabara. Ni kazi ya heshima na ina mshahara, sikatai. Lakini kijana aliyekuwa bingwa wa taifa lake lazima alale na jambo hilo usiku, peke yake, katika chumba cha mji mdogo ambako ugali ni habari ya simu.

Kuna na mengine. Mwaka 2015, katika mbio za Austria, Natnael Berhane wa Eritrea alitukanwa kwa rangi yake na mshindani mwenzake. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, 2021, mkuu wa michezo wa chama cha baiskeli cha Ujerumani alinaswa na vipaza sauti akimhimiza mtu wake awakamate "wachunga ngamia" waliokuwa mbele. Mbele walikuwa Azzedine Lagab wa Algeria na Amanuel Ghebreigzabhier wa Eritrea. Alirudishwa kwao. Walioitwa hivyo waliendelea na mbio.

Haya ndiyo majuu. Wapo wanaoyaweza, na mimi nawavulia kofia. Ninachokataa ni kuwatuma huko kama mtu anayetupa mbegu kwenye lami halafu akalaumu mbegu.

Nimfikie Sule sasa, ambaye kwa kweli ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Suleiman Kangangi alianza kama wanavyoanza wengi, kutoka kwa shida na baiskeli ya kazi. Alikimbia na Kenyan Riders, akakimbia na Bike Aid ya Ujerumani, na mwaka 2017 alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda, mbio za siku nyingi zenye milima inayotoa roho. Wa tatu! Waulize wale wa meza ya soda. Wangejua kama angekuwa amevuka barabara uchi, lakini wa tatu Rwanda, hawana habari. Baadaye akawa nahodha wa Team Amani, timu iliyokusudia kuwatafutia Waafrika wa Mashariki nafasi katika mbio za changarawe, na tangu 2021 hapa hapa Kenya, katika nchi ya Mara, kukawa na Migration Gravel Race ambako wageni ndio huja kushindana na wenyeji. Elewa uzito wa hilo: badala ya kijana mmoja kuomba viza, Wazungu wakaomba viza. Sule alikuwa ameanza kuugeuza mto.

Tarehe 27 Agosti 2022, kule Vermont, Marekani, katika mbio za Vermont Overland, alianguka kwenye mteremko kwa kasi kubwa, akafa. Alikuwa na miaka 33. Aliacha mke na watoto. Kabla yake, mwaka 2014, mwenzake wa Kenyan Riders, John Njoroge Muya, alikuwa amefia mbioni Ufilipino.

Wiki ile nchi ikamgundua Sule. Salamu za rambirambi zikatoka kwenye ofisi ambazo, alipokuwa hai, mtu wa baiskeli alikuwa akikaa kwenye benchi ya nje hadi saa ya chakula, kisha akaambiwa arudi kesho. "Shujaa wetu." "Balozi wetu." Nilisoma yote. Niliona neno "wetu" likirudiwa hadi likachakaa, lile lile wanalompa Froome, nikajiambia kumbe kwetu kuna njia mbili tu za kuwa "wetu" kwa baiskeli: ushinde Paris, au urudi umelala.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalikuja Kigali, mara ya kwanza Afrika tangu yaanzishwe miaka ya 1920. (Wapo waliouliza kama sherehe ilifaa, mwaka ambao M23 walikuwa wameiteka Goma mwezi wa Januari, swali lao ni la haki na sitalipuuza kwa sababu napenda baiskeli.) Watu walijaa vilimani hata barabara ikabaki uchochoro. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia, na kati ya wote walioanza ni 30 tu waliomaliza. Hakuna Mwafrika aliyepata medali wiki nzima. Tukaanza: mmeona, si mchezo wetu. La, tulichokiona ni umati wa Waafrika waliosimama tangu alfajiri kwenye mlima wao wenyewe, wakiwajua washindani kwa majina, wakishangilia hata aliyekuwa wa mwisho. Rwanda ina Tour yake tangu 1988. Umati huo haukuota kwa mwaka mmoja. Sisi tunataka medali kwanza, umati baadaye.

Na sasa nawageukia nyinyi wa kurasa hizi, maana msidhani mtanusurika. Mambo yote niliyoyaeleza hapa, yameandikwa na nani? Kinjah tunamkuta ndani ya kitabu cha mwanafunzi wake. Waendesha baiskeli wa Rwanda waliandikiwa kitabu na Mwingereza, Tim Lewis, mwaka 2013, na kabla yake, 2012, wakapigiwa filamu, Rising from Ashes, nayo ya wageni. Ni kazi nzuri, sina ugomvi nazo. Lakini mimi kila Jumamosi tunapokutana kusomeana miswada nasikia nini? Kijana anayekwenda majuu na kurudi na suti. Msichana aliyedanganywa na tajiri wa mjini. Mlevi aliyetubu. Hata jasho lenyewe katika hadithi zetu limekopwa. Hakuna aliyeandika ile sauti ya viatu vya chuma kwenye lami wakati wa pancha, wala mke anayetazama saa jioni kwa sababu Mai Mahiu kuna malori, wala mvulana anayeazima gurudumu la mbele kwa Otieno na la nyuma kwa Kamau ili Jumapili apate baiskeli nzima. Mnasubiri wahusika wenu washinde Ufaransa ndipo muwaandike? Basi na nyinyi ni watu wa meza ya soda.

Kuna Mmarekani mweusi aliyeitwa Marshall Taylor, kwa jina la mbioni Major Taylor. Mwaka 1899, kule Montreal, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi. Nyumbani kwake chama cha waendesha baiskeli kilikuwa kimewafungia weusi uanachama tangu 1894. Washindani weupe walimbana uwanjani, na mmoja aliwahi kumkaba koo baada ya mbio mpaka akazimia. Mwaka 1901 akaenda Ulaya, akapambana Paris na Mfaransa Edmond Jacquelin, akashindwa mara ya kwanza, akamshinda mara ya pili, na watu wakajaa kumwona. Alikuwa mlokole asiyekimbia Jumapili, wakamlipa hivyo hivyo. Alistaafu 1910, fedha zikamtoka. Hakuna mchapishaji wala gazeti aliyemngoja. Akakaa akaandika maisha yake mwenyewe, aliyekabwa na aliyekaba, mbio kwa mbio, akakichapisha mwenyewe mwaka 1928, akatembea Chicago mlango hadi mlango akikiuza. Alikufa 1932 katika wodi ya maskini na kuzikwa kaburi la maskini. Mwaka 1948 waendesha baiskeli wa zamani ndio waliomhamisha na kumwekea jiwe. Kila mtu anayemsimulia leo bado anaanzia kwenye kile kitabu alichokibeba kwapani.

Jumapili ijayo vijana watapanda Limuru kama kawaida, kabla ya saa moja. Mimi nitakuwa pale kilima kinapokaza, upande wa vibanda vya viazi. Mwenye daftari aje nalo. Mwenye tyubu ya 700, hata iliyozibwa, aje nayo pia, wanazihitaji.